Sababu, uwezo na nia: Fahrenheit 9/11 mbele ya watazamaji wa Ujiji

Kisa chenyewe ni kifupi. Vijana wa Ujiji walikodi kibanda umiza jioni moja isiyokuwa na mechi, wakaonyesha Fahrenheit 9/11, filamu ya hali halisi ya Michael Moore ya mwaka 2004 inayoishambulia serikali ya George W. Bush kwa namna ilivyowaingiza Wamarekani kwenye vita vya Iraq. Ilipoisha, mjadala ukafunguliwa. Mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, akasimama akasema vita vile vya Iraq vilikuwa dhuluma, kwa hilo hana ubishi, ila filamu haijathibitisha kesi yake. Ukumbi ukamzomea. Kijana aliyeandaa onyesho akamuuliza kwa adabu yenye hasira ndani yake: "Mzee wangu, kumbe unawatetea Wamarekani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, kazi yangu kusimamisha filamu kila baada ya muda na kueleza kwa Kiswahili kilichosemwa. Nimekaa na kisa hiki kwa sababu naamini mzee hakueleweka, na alichokisema ni ukosoaji mzito kuliko mwingi niliowahi kuusoma juu ya filamu ile. Naye lakini alibanwa baadaye kwa swali lililomtoa jasho, na hilo nitalifikia.

Tuanze na hadhira. Kigoma vita hufika kwa boti. Mwaka 1996 na 1997 watu walivuka kutoka Uvira, Baraka na Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Mwaka 2015 Warundi kwa makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawaingilia hapo hapo, na MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, ambako uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha kuwapokea kabla hawajapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwenye mabenchi yale walikuwepo waliokuja na boti hizo, waliowauzia chai, na waliooa kwao. Ukiwaonyesha watu hawa filamu juu ya serikali iliyoanzisha vita, huwafundishi vita ni nini. Wanachotaka kujua ni nani alijua nini, na alijua lini.

Filamu yenyewe ilishinda tuzo kuu ya Cannes, Palme d'Or, Mei 2004. Kampuni ya Disney ilikuwa imeizuia kampuni yake tanzu ya Miramax kuisambaza, wasambazaji wengine wakaichukua, na ilipotoka Juni mwaka huo ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani kote. Filamu ya hali halisi haikuwa imewahi kufika huko. Ilitoka miezi michache kabla ya uchaguzi, na Moore hakuficha kwamba alitaka Bush aanguke. Bush akashinda Novemba.

Sasa mzee. Alipotakiwa ajieleze alisema kitu ambacho kila Mtanzania wa umri wake angekitarajia, maneno ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita na Amin: "Mwalimu alituambia mambo matatu. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Huyu Mmarekani mwenye filamu ameshika nia tu. Saa mbili nzima, nia, nia, nia. Sababu iko wapi?"

Watu walicheka. Mimi nilipoanza kuihesabu filamu kichwani kwa mizani ile, niliona mzee ana hoja nzito.

Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni nia. Moore anaonyesha biashara za familia ya Bush na matajiri wa Saudia, kampuni ya uwekezaji ya Carlyle, jamaa za Osama bin Laden walioondoka Marekani kwa ndege siku chache baada ya 11 Septemba 2001, mipango ya bomba la gesi la Afghanistan. Picha zinafuatana, muziki unachekesha, na msimulizi anauliza maswali kuliko anavyojibu. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe. Ukumbini kwetu waliunganisha haraka mno: mtu wa nyuma alishatangaza kwamba Wasaudia ndio waliotuma Wamarekani Iraq, jambo ambalo hata filamu haikulisema. Kuhusu zile ndege, tume ya uchunguzi ya 11 Septemba ilitoa ripoti yake Julai 2004, wiki chache tu baada ya filamu, ikasema haikupata ushahidi kwamba ndege za Wasaudia ziliruka kabla anga ya nchi haijafunguliwa tena. Moore akichunguzwa neno kwa neno anaweza kujitetea, maana anachokisema kwa mdomo ni kidogo kuliko anachokiacha kichwani mwa mtu. Ujanja huo ndio uliomuudhi mzee. Alisema, "Mtu akikunong'oneza kila siku kuwa jirani yako mwizi, na hakuambii kaiba nini, muogope huyo anayenong'ona."

Kuna mahali kwenye hiyo hiyo nia ambapo filamu iko imara, na mzee alikubali bila kusukumwa. Richard Clarke, aliyekuwa mkuu wa masuala ya ugaidi Ikulu ya Marekani, anaeleza jinsi Rais alivyomtaka, kesho yake baada ya shambulio, atafute kama Iraq ilihusika. Clarke alikuwemo chumbani. Anasema alichokisikia kwa masikio yake. "Huyo ni shahidi," mzee akasema. "Wangemwacha aseme nusu saa."

Kile kipande maarufu cha Florida, Rais amekaa darasani na watoto karibu dakika saba baada ya kunong'onezwa kuwa ndege ya pili imegonga, kiliwachekesha watu kuliko kingine chochote. Sioni kinathibitisha nini kuhusu Iraq. Mtu kupigwa na butwaa si kosa la vita.

Hapa ndipo sababu inapoingia, na nina mengi ya kusema kwa kuwa ndiko filamu ilikoacha hazina. Vita viliuzwa kwa hoja mbili: kwamba Saddam Hussein ana silaha za maangamizi, na kwamba ana ushirika na al-Qaeda. Bunge la Marekani liliruhusu vita kwa kura Oktoba 2002, wawakilishi 296 dhidi ya 133, maseneta 77 dhidi ya 23. Tarehe 28 Januari 2003 Bush aliliambia taifa kuwa serikali ya Uingereza imegundua Saddam alitafuta urani barani Afrika. Tarehe 5 Februari waziri wake wa mambo ya nje, Colin Powell, alikwenda Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na picha za setilaiti, sauti zilizonaswa, na maelezo ya maabara za sumu zinazotembea juu ya malori. Mabomu ya kwanza yaliangushwa 20 Machi.

Hoja hizo hazikungoja vita viishe ndipo zianze kuporomoka. Nyaraka za urani zilihusu Niger, nchi maskini ya Afrika Magharibi inayochimba madini hayo. Tarehe 7 Machi 2003, siku 13 kabla ya vita, Mohamed ElBaradei wa shirika la kimataifa la nishati ya atomiki alilieleza Baraza la Usalama kwamba nyaraka hizo si halisi. Barua mojawapo iliyoandikwa mwaka 2000 ilikuwa na jina la waziri wa mambo ya nje aliyeondoka kwenye wizara hiyo mwaka 1989. Nilipolieleza hili baada ya filamu, ukumbi ulilipuka. Hapa mpakani, ambako kila mtu amewahi kuona kibali cha kughushi au cheti cha kuzaliwa chenye muhuri wa kuchonga kwa kandambili, watu hawahitaji semina kuelewa jambo kama hilo. Mama mmoja muuza dagaa aliuliza, "Hata jina la waziri hawakuangalia?"

Mabomba ya alumini ambayo serikali ilidai ni ya kurutubisha urani, wataalamu wa wizara yao wenyewe ya nishati walikuwa wameshasema yanafaa zaidi kwa roketi za kawaida. Maabara za juu ya malori zilitoka kwa mkimbizi mmoja wa Iraq aliyekuwa mikononi mwa majasusi wa Ujerumani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, alikiri hadharani kuwa alitunga. Wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix walikuwa wamerudi Iraq tangu Novemba 2002, wakazunguka, hawakukuta silaha, wakaomba waongezewe miezi. Hawakupewa. Januari 2004 David Kay, aliyetumwa na Wamarekani wenyewe kuzitafuta silaha baada ya ushindi, aliiambia kamati ya Seneti kwamba karibu wote walikosea.

Kwa haki, tusimdai Moore vitu ambavyo havikuwepo mezani. Yule mkimbizi alikuwa hajakiri. Kumbukumbu ya kikao cha Downing Street cha 23 Julai 2002, inayosema taarifa za kijasusi na ukweli vilikuwa vinapangwa kufuata sera, ilichapishwa Uingereza Mei 2005. Ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi wa Waingereza wenyewe, iliyoeleza kwamba vita haikuwa njia ya mwisho, ilitoka 2016. Lakini nyaraka za Niger, Blix, mabomba na maneno ya Kay yote yalikuwa yanajulikana wakati anahariri. Kwenye filamu ya saa mbili angeweza kuwapa ElBaradei na Blix dakika kumi. Alichagua Carlyle.

Nadhani najua kwa nini. Nia ina sura: familia, pesa, kisasi cha baba, wanasiasa wanaopakwa poda kabla ya kamera kuwashwa. Sababu ina karatasi, na karatasi haichekeshi. Mtengenezaji filamu anayetaka ukumbi ujae atakwenda kwenye sura. Simlaumu kwa kutaka ukumbi ujae. Namlaumu kwa kuwa kipande bora cha filamu yake ni kile alichokwenda kwenye kumbukumbu: Powell, Februari 2001, anasema Saddam hajajenga uwezo wowote wa maana wa silaha za maangamizi. Kisha Condoleezza Rice, Julai mwaka huo huo, anasema jeshi la Saddam halijajengwa upya. Wakubwa wenyewe, kwa midomo yao, kabla hawajahitaji vita. Hakuna msimulizi wala kinubi cha kuchekesha. Ukumbi ulinyamaza, na nilitafsiri mara mbili kwa kuwa waliomba. Kijana mwandaaji mwenyewe alinong'ona, "Hapo wamekwisha." Filamu nzima ingeweza kujengwa juu ya dakika ile.

Kuhusu uwezo sina mengi. Hakuna aliyetilia shaka kwamba Marekani ingeifikia Baghdad. Mzee aliguna tu alipoona Bush kwenye meli ya kivita tarehe 1 Mei 2003, nyuma yake bango la kazi imekamilika. Kikosi chake kilifika Kampala Aprili 1979. Rais wa kwanza aliyewekwa baada ya Amin, Yusuf Lule, alikaa siku 68, na askari wetu hawakuondoka Uganda mpaka 1981. "Mji unautwaa siku moja," alisema, akakaa.

Tukio la Baghdad lilileta mgawanyiko ambao sikuutarajia. Kabla ya mabomu, Moore anaonyesha watoto wakirusha vishada, watu wakinyoa ndevu, wakinywa chai, wakifunga ndoa. Wakosoaji wa Marekani walilishika hili sana: filamu inaifanya Iraq ya Saddam ionekane pepo, wakati mwaka 1988 kule Halabja Wakurdi wanaokadiriwa kufika 5,000 waliuawa kwa gesi. Niliueleza ukosoaji huo na mimi mwenyewe nauunga mkono, kwa sababu huwezi kusimulia njia ya kwenda vitani ukamficha mtu ambaye vita vinaelekea kwake. Mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliyevuka ziwa akiwa binti, hakukubaliana nami hata kidogo. "Kwetu pia watoto walikuwa wanacheza," alisema. "Serikali ilikuwa mbaya, na watoto walikuwa wanacheza. Siku moja kabla." Nilijaribu kumjibu kwamba tatizo si kuonyesha watoto, tatizo ni kuonyesha watoto peke yao. Hakushawishika, na waliomzunguka walikuwa upande wake.

Yeye ndiye pia aliyelia kwa Lila Lipscomb. Huyu ni mama wa Flint, Michigan, mji wa viwanda vilivyofungwa, ambako Moore alizaliwa. Mwanzoni anasimamisha bendera nje ya nyumba yake kila asubuhi na anawahimiza vijana wajiunge na jeshi kwa kuwa ndilo lenye kazi. Mwanawe anauawa Iraq. Anasoma barua yake ya mwisho mbele ya kamera, kisha anakwenda mpaka mbele ya Ikulu ya Washington na anainama kwa uchungu. Kijana mwandaaji alitaka kumtumia mama huyu kama ushahidi kwamba serikali ilidanganya. Mzee akamkatiza, na hapa nilikuwa upande wa mzee kabisa: uchungu wa mama haujui kama sababu ilikuwa ya kweli au ya uongo. Mama wa askari aliyekufa Kagera alilia vile vile.

Kitu ambacho Flint inakithibitisha vizuri ni kingine: nani anatumwa. Waandikishaji wawili wa kikosi cha Marines wanazunguka maegesho ya maduka wakiwanasa vijana wasio na ajira. Baadaye Moore anawasimamisha wabunge barabarani Washington akiwapa fomu za kuwaandikisha watoto wao, nao wanakwepa wakitazama saa. Ni mzaha, lakini mzaha wenye kitu ndani yake. Ukumbini palikuwa na wazee walioitwa kwenye mgambo mwaka 1978 kutoka vijiji vya Kasulu, na walicheka kicheko cha watu wanaojua fomu ile.

Ndipo likaja swali. Kijana mwandaaji alikuwa amekaa kimya kwa muda, nikadhani amekubali yaishe. Akasimama: "Mzee wangu, nisamehe. Umesema tupime kwa sababu. Mwaka ule na nyinyi sababu yenu mliithibitishaje? Aliyesema sababu tunayo ni yeye Rais. Mlikwenda kuangalia?"

Mzee alijibu bila kusita. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin akatangaza redioni kuwa ameitwaa ardhi yote mpaka mto Kagera, watu wakakimbia bila kitu, ng'ombe wakaswagwa kwenda ng'ambo, daraja la Kyaka likavunjwa. Haikuhitaji picha ya setilaiti. "Wakimbizi walikuwa wanazungumza nasi kwa lugha yetu," alisema. Jibu zuri, na ni kweli tupu.

Kijana hakukaa. "Hiyo ni sababu ya kufika Mutukula mpakani, mzee wangu. Ya Kampala ilikuwa ipi?"

Wengine walitaka kumkalisha, ikaonekana amevuka adabu. Mimi naona ndilo lililokuwa swali bora la jioni ile. Hotuba ya Nyerere ya 2 Novemba 1978 ilitolewa adui akiwa ndani ya nchi. Februari 1979 majeshi yetu yalikuwa Masaka na Mbarara. Gaddafi akaleta askari wake kumsaidia Amin, Machi wakapigana nao Lukaya, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Lengo lilikua njiani. Kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, pale Monrovia, Julai 1979, baadhi ya viongozi wa Afrika waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kumng'oa rais wa nchi nyingine, wakati umoja huo huo ulikuwa umekataa kumlaani Amin alipovamia. Binafsi naamini Nyerere alikuwa na haki, na kwamba kumwacha Amin pale kungekuwa kungojea uvamizi wa pili. Lakini naamini hivyo kwa matokeo. Mtu aliyekuwa Ujiji Machi 1979 akisikiliza redio moja tu angeijuaje sababu ya Kampala, tofauti na ile ya Kagera? Aliambiwa afunge mkanda miezi 18, na mkanda ukabaki umefungwa miaka.

Msinielewe vibaya. Kagera haifanani na Iraq: Kagera kuna nchi iliyovamiwa ikajibu, Iraq kuna nchi iliyovuka bahari kwenda kuvamia na barua ya kughushi mkononi. Ila ile mizani ya mzee, sababu na uwezo na nia, ilitengenezwa na mtu aliyekuwa anawaongoza watu kwenda vitani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeijibu. Mzee anaitumia vizuri kwa kuwa amekaa nayo tangu ujana. Kijana aliongeza kitu ambacho hotuba haikuwa nacho: sababu huulizwa tena kila jeshi linapovuka mstari mpya. Kwa kipimo hicho Moore anaanguka zaidi, kwa kuwa hata baada ya Baghdad kutwaliwa filamu yake haisimami kuuliza sababu ya pili, ile ya kuleta demokrasia, iliingia lini kuchukua nafasi ya silaha zilizokosekana.

Mzee alikaa kimya, halafu akasema, "Kampala tuliambiwa baadaye." Hakueleza zaidi.

Vijana wanataka kuirudia, safari hii Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, kwenye ukumbi mkubwa zaidi. Ushauri wangu niliwapa: kateni mambo ya Carlyle na ndege za Saudia, au semeni wazi kabla hayajaonyeshwa kwamba tume ilisema nini. Anzeni na Powell wa 2001, mweke hotuba yake ya 5 Februari 2003 karibu yake, halafu ElBaradei wa 7 Machi. Flint iacheni yote. Mjadala uanze watu wakiwa bado macho, maana saa nne usiku nusu ya ukumbi ilikuwa imeshaondoka na waliobaki walikuwa wanapigana na mbu.

Wamemwomba mzee awe mzungumzaji. Amekubali, ila ametaka swali la Kampala liulizwe mwanzoni, kabla filamu haijawashwa.